Posa ya Adui wa Sinema

“Hivi Mwanne, kweli utamwoza Mboni kwa mtu aliyemnyang'anya mjane funguo za nyumba yake?”

Bi Anifa aliliuliza swali hilo asubuhi, amesimama mbele ya jiko la vitumbua na bakuli mkononi, wateja wengine nyuma yake wanasikia. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, pale Mchafukoge, tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi, na Bi Anifa hakuwa mtu wa kuuliza jambo kwa kunong'ona. Mwanne hakuacha kugeuza vitumbua. Alimuuliza ni mjane gani huyo, anakaa wapi, na nani aliyeshuhudia.

“Bongo nzima imeshuhudia,” akasema Bi Anifa. “Imo kwenye sinema.”

Mwanne akacheka kidogo kwa puani, akamtilia vitumbua vyake. Lakini wale wateja waliokuwa nyuma hawakucheka, na hilo Mwanne aliliona.

Mposaji mwenyewe, Nurdin, alikuwa muuza vitenge katika duka moja la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Siku za mapumziko alikuwa anaigiza, na kwa bahati yake njema au mbaya, uso wake Mungu aliuumba na nyusi zinazokutana katikati. Wapiga picha walipoziona nyusi zile wakampa uadui, na tangu hapo hakutoka kwenye uadui. Kila filamu, stelingi, yaani shujaa wa hadithi, akimpenda msichana, Nurdin ndiye wa kumteka. Stelingi akirithi shamba, Nurdin ndiye wa kulidhulumu. Barua yake ya posa ililetwa na mshenga, Mzee Mrisho, mtu wa swala tano, ikiwa imefungwa kwenye leso kama inavyotakiwa. Mboni, binti wa Mwanne, alipoulizwa kama anamridhia, aliinamisha kichwa na kutabasamu. Kaka yake Mboni, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, alipiga simu kutoka Lindi akasema atakalolisema mama ndilo hilo hilo.

Kwa hiyo lilibaki kwa mama. Na posa haijibiwi kabla ya kuuliza. Upande wa mke hutuma watu mtaani kwa mwanamume, msikitini kwake, kazini kwake, wamuulize tabia zake, ukoo wake, na kama ana mke mwingine aliyemficha Mbagala. Mwanne alituma watu wazima wenye akili zao. Waliporudi na majibu, alijuta kuwatuma.

Mmoja aliambiwa Nurdin anapiga wanawake. Kumbe Nurdin hajapata kuoa. Mwingine aliambiwa na muuza kahawa, tena kwa kuapa, kwamba kijana yule alimuuza ndugu yake kwa mganga. Mwanne alipotaka kujua ni ndugu yupi, kwa maana Nurdin kwao ni mtoto wa pekee, ilibainika kwamba hiyo ilikuwa filamu ya mwaka juzi. Watu wote walikuwa wanajua kwamba zile ni sinema. Ukiwabana watakwambia hivyo hivyo, ni sinema tu. Kisha wataongeza: lakini moyo wa mtu huonekana usoni.

Mwanne akaamua kwenda mwenyewe dukani, akijifanya anatafuta kitenge cha jora. Mwenye duka, Pranav, alizaliwa Kariakoo na baba yake alizaliwa Kariakoo, na alikuwa anamfahamu Mwanne tangu enzi za marehemu mumewe, aliyekuwa na duka la masufuria mtaa wa nyuma.

“Nurdin hana tatizo, mama,” alisema Pranav huku anakunjua jora. “Haibi, hachelewi, swala ikifika anaaga anaenda. Tatizo ni akina mama. Hawataki awapimie kitambaa. Wanasema atawapunja, yule si ndiye aliyemdhulumu mjane? Nimemhamishia stoo mpaka filamu ipoe.”

Haikupoa. Ijumaa ile Beno, mchambuzi wa filamu redioni, aliizungumzia kipindi kizima, na redio za Mchafukoge zote zilikuwa wazi kwa sababu ni saa ya kupika. Beno aliisifu filamu, akamsifu na aliyeitunga. Alikosoa pahali pamoja tu, pale adui anapochukua funguo. Alisema pamepoa mno, mtazamaji anasinzia, angepigwa yule mjane kofi moja ukumbi ungesisimka. Lakini alimmwagia Nurdin sifa ambazo hakuwahi kumpa mwigizaji mwingine. “Ukatili ule haufundishwi,” alisema Beno. “Yule kijana ameutoa nyumbani kwao.”

Sifa hiyo ndiyo iliyommaliza Nurdin. Kabla wali haujaiva, Bi Anifa alishafika mlangoni kwa Mwanne kuuliza kama amesikia. Msomi mzima, tena redioni, ametamka kwamba kijana kalelewa kwenye ukatili. Sasa Mwanne anasubiri ushahidi gani tena? Wanawake wa mtaani nao walikuwa wameshasema kwamba harusi hiyo ikifungwa, hawatakwenda kumpamba bibi harusi wala kumpikia mtu. Kwa mwanamke aliyeishi mtaa mmoja maisha yake yote, hayo si maneno madogo. Harusi bila majirani ni kama maziko ya mgeni.

Mwanne alisema ya kusikia si ya kuona, yeye ataenda kuitazama. Bi Anifa akasema basi watakwenda wote.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja Kariakoo. Mwanne aliswali kwanza adhuhuri, akavaa baibui lake la kutokea, akaongozana na Mboni na Bi Anifa. Hakuwa ameingia kwenye sinema tangu usichana wake. Alikuta viti vya plastiki, feni zinazopiga kelele, na shuka jeupe kubwa ukutani. Wanawake walikuwa wamejaa na watoto wao na karanga zao. Waigizaji walialikwa kuwasalimu watazamaji mwisho wa onyesho, na Nurdin alikuwa amesimama kule nyuma karibu na mlango, peke yake. Viti vya pembeni yake havikukaliwa.

Filamu ikaanza. Mwanne hakuona cha ajabu. Mume anakufa, mke analia, ndugu wa mume wanakuja na macho makavu. Kisa kilichopita nyumba nyingi za mji huu. Wanawake walikuwa wanazungumza na ukuta kama wanavyozungumza na jirani. Wengine walimwonya mjane asimwamini shemeji yake. Mmoja alimwambia Nurdin wa ukutani kwamba kaburi linamsubiri, na watu wakaitikia amina.

Ikafika siku ya arobaini. Hitma imesomwa, watu wanakula. Mjane amekaa mkekani, shemeji, ndiye Nurdin, anaingia. Hakufoka. Alipiga goti, akamsalimia kwa adabu, akampa pole tena. Kisha akalishika pindo la kanga yake, pale mwanamke anapofungia funguo. Fundo lilikuwa limekaza. Akainama, akalifungua kwa meno. Akachukua funguo, halafu akalifunga tena pindo likiwa tupu, vizuri kabisa, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mwanne alilitambua fundo lile.

Hakuna aliyekuwa amemsimulia mtunzi wa filamu jambo lile. Hakuna aliyelijua, kwa alivyoamini yeye, zaidi ya waliokuwepo. Awadhi, shemeji yake mwenyewe, ambaye naye ameshatangulia mbele ya haki, ndivyo alivyofanya siku ya arobaini ya marehemu. Goti lile, meno yale, na mkono ule wa kubembeleza. Funguo zilikuwa za duka la masufuria. Mwanne aliomboleza mume kwa machozi, lakini fundo lile hakupata kulilia, kwa kuwa hakujua mtu analilia vipi heshima aliyovuliwa kwa heshima. Mboni alikuwa mtoto, amejibanza nyuma ya mlango. Mwanne akageuza shingo kumtazama. Mboni alikuwa amefunika uso kwa mtandio.

Na ukumbi haukusinzia. Watoto waliacha kutafuna karanga. Kisha sauti moja ikasema, mwachie. Ya pili ikaitika, na mara wanawake wote walikuwa wamesimama, wanamwambia mtu wa ukutani amwachie mwanamke wa watu. Bi Anifa alikuwa analia kwa kwikwi. Alivua kandambili moja akaitupa, ikagonga shuka pale pale kwenye zile nyusi. Mwanne alibaki amekaa katikati ya kelele zile. Alizisikiliza kwa makini, neno kwa neno, kwa sababu siku yake yeye hakusikia hata moja.

Onyesho lilipokwisha hakuna aliyesubiri kusalimiwa. Wanawake walipita mlangoni wakimpa Nurdin mgongo, na mmoja akatema mate pembeni ya kiatu chake. Mwanne alimwambia Bi Anifa atangulie, atamkuta nyumbani. Ukumbi ulipopungua watu, Nurdin alisogea, akainama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Mwanne hakuzunguka. “Nani alikuonyesha lile fundo?”

Kijana alimtazama Mboni, kisha akatazama chini. Alieleza taratibu. Karatasi aliyopewa ilisema ampige mjane kofi. Aliyecheza mjane alikuwa mama mtu mzima, umri wa mama yake, na mkono wake ulikataa. Wakati ule Mboni alishamsimulia ya arobaini ya baba yake, siku Nurdin alipomuuliza kwa nini yeye Mboni hafungi kitu chochote kwenye kanga yake. Basi akamwomba mwongozaji amruhusu afanye hivi badala ya kofi. Mwongozaji alibisha, mwisho akakubali.

“Nilifikiri kofi watu wameshalizoea,” alisema. “Hili ndilo baya zaidi. Lakini sikukuomba ruhusa, mama, na lilikuwa lako. Ukisema Mzee Mrisho aje aichukue posa, atakuja.”

“Ungeniomba ningekukatalia,” alisema Mwanne.

“Najua, mama.”

“Kwa hiyo umekosa.”

“Nimekosa.”

Mwanne alimtazama sana, nyusi na kila kitu, kisha akamshika Mboni mkono wakaondoka. Njiani Mboni alitaka kusema, mama yake akamwambia anyamaze kwanza. Alikuwa anafikiri habari za Beno. Yule bwana hakusema uongo. Ukatili ule kweli ulitoka nyumbani kwa watu. Alikosea nyumba tu.

Mwanne si mtu wa kukata shauri kwa hasira wala kwa huruma. Aliswali istikhara, kumwomba Mungu amchagulie la heri, akaendelea na vitumbua vyake, akaswali tena. Kitu kilichomkereketa hakikumtoka: jambo lake la siri limeangikwa ukutani, Kariakoo nzima inalitazama na karanga mdomoni. Kila alipofika hapo moyo ulifunga. Lakini kila alipofika hapo alikumbuka vilevile kwamba katika watu wote waliosikia au kuona jambo lile, ni huyu mmoja tu aliyejua kwamba kilichouma hakikuwa funguo. Wengine, kama waliwahi kulitaja, walitaja duka. Mtu anayejua pale panapouma anaweza kuogopa kupaumiza. Ndivyo alivyomwambia Mzee Mrisho alipokuja kuchukua jibu, na Mzee Mrisho, ambaye hakuelewa vizuri habari za fundo, alielewa kwamba jibu ni ndiyo, akasoma dua.

Habari ilimfikia Bi Anifa kabla Mzee Mrisho hajavuka barabara. Alikuja na kandambili zake mguuni, ile aliyoitupa alikuwa ameirudia. Mwanne alimkaribisha mkekani, akammiminia chai ya tangawizi. Bi Anifa hakuigusa. Alisema amekuja kama ndugu. Alisema yeye alilia siku ile mpaka usiku kichwa kinamuuma, hajapata kuona ukatili kama ule maishani mwake, mwanamume anamfungua mjane pindo kwa meno mbele za watu wanaokula, na watu wanatazama tu. Ndilo lililomchoma zaidi, alisema, wale watu. Wanakula. Waliumbwa na moyo wa namna gani?

“Mimi ningekuwepo pale, Mwanne, ningempasua na sahani,” alisema. “Na harusi yako sitaikanyaga.”

Mwanne alikuwa anazichambua choroko kwenye ungo. Aliusogeza ungo pembeni. Sauti yake haikupanda.

“Ulikuwepo, Anifa. Siku ya arobaini ya Baba Mboni. Awadhi aliponifungua pindo hili kwa meno, ulikuwa umekaa kulia kwangu, mkeka huu huu. Ulitazama sahani yako, kisha ukamwomba mtu akusogezee kachumbari.”

Nje mkokoteni ulipita na mwenye nao akipiga mluzi watu wampishe. Bi Anifa alimtazama Mwanne, akautazama mkeka, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga yake, ukalishika. Mwanne alisubiri. Alikuwa tayari kusikia lolote, hata la kubisha, na kikombe cha chai kilikuwa bado kinatoa moshi baina yao.

Bi Anifa akainuka, akajitanda mtandio, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka.