Lebo ya Salamu

Waliohudhuria asubuhi hiyo ya Jumatatu, katika chumba cha juu cha kiwanda cha vinu vya umeme, vile vya jikoni vya kusagia mchele kwa jiwe, pale Peelamedu, Coimbatore, walikuwa hawa: Bwana Sabapathi, meneja, Thenmozhi, mkuu wa dawati la wateja, Ilango, mtaalamu wa kompyuta, na Rukmani, aliyekuwa amepokea simu hapo kwa miaka ishirini na miwili. Wa tano hakuwa na kiti. Huyo alikuwa programu ambayo watu wa dawati walikwisha kuizoea kiasi cha kuiita Thambi, yaani mdogo wetu, na alionekana ukutani kama safu za maneno zilizopakwa rangi mbalimbali.

Jambo lililowakutanisha lilikuwa moja. Wateja wa vinu waliingia kwa milango minne: simu, WhatsApp, barua pepe, na ukurasa wa kampuni mtandaoni, ambako wenye hasira walipenda kuandika mbele ya watu. Jumbe zilifika elfu moja kwa siku, na wa kuzijibu walikuwa sita. Mwenye kampuni alikuwa ameweka sharti. Ama Thambi afunge mwenyewe nusu ya jumbe hizo, bila kukosea zaidi ya tano katika kila mia, ama dawati livunjwe na wateja wakabidhiwe kampuni ya kukodi kule Hyderabad, ambako watu hujibu kwa kusoma karatasi. Alitaka jibu kabla ya saa sita mchana.

Thenmozhi alikuja kazini siku hiyo na moyo mweupe. Kwa miezi saba alikuwa amemfundisha Thambi kama mtu anavyomfundisha mtoto kupanga vyombo kabatini. Alisoma jumbe elfu nne za zamani, akaubandika kila mmoja lebo yake kwa mkono: Jiwe, Mota, Mkanda, Kifuniko, Garanti, na nyingine mpaka zikafika kumi na moja. Kisha akamfundisha kwamba yule bwana wa Erode aliyepiga simu asubuhi, akaandika WhatsApp mchana na kutukana ukurasani jioni, si watu watatu. Ni mtu mmoja mwenye kinu kimoja, na anastahili jalada moja na jibu moja. Zamani mtu wa namna hiyo alijibiwa na watu watatu kwa majibu matatu yanayopingana, na kila jibu lilimwongezea hasira. Sasa hayo yalikuwa yamekwisha, na Thenmozhi hakuona aibu kulifurahia hilo kila alipofungua kompyuta yake.

“Haya, Ilango,” alisema Bwana Sabapathi, akisogeza kikombe chake cha kahawa. “Soma. Polepole, mimi si kompyuta.”

Ilango alisimama. Alikuwa kijana mwembamba aliyependa tarakimu na kuogopa wazee.

“Jumamosi zimeingia jumbe elfu moja, bosi. Thambi amefunga mwenyewe mia sita. Nimekagua zote mia sita, moja baada ya nyingine, kama lebo inalingana na ujumbe. Makosa ni kumi na nane.”

“Yaani?”

“Yaani matatu kwa kila mia.”

“Matatu!” Bwana Sabapathi alipiga meza kwa furaha. “Mimi mwenyewe nakosea zaidi ya hapo, na nina digrii mbili.”

“Hilo tunalijua, bosi,” alisema Rukmani, na wote wakacheka, meneja akiwa wa kwanza.

Rukmani hakuwa na nafasi rasmi katika mkutano huo. Thenmozhi ndiye aliyemwomba aje, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewajua wateja kwa sauti zao. Mama huyo alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea na kuutazama ukuta kwa makini, kama mtu anayekagua sari dukani kabla ya kuuliza bei.

“Mdogo wangu,” alimwita Ilango, “hizo za kijani ni nini? Zimejaa kama nyasi.”

“Hizo ni Salamu, dada. Yale maua ya asubuhi.”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kila alfajiri simu za Coimbatore nzima hupokea picha za yungiyungi, waridi na jua linalochomoza, zimeandikwa “Asubuhi njema”, na zaidi ya mia moja kati ya hizo zilifika kwenye namba ya kampuni ya vinu.

“Na Thambi anazifanyaje?”

“Anamrudishia mteja ua, halafu anafunga shauri. Mteja akimaliza kwa salamu, ina maana ameridhika.”

Rukmani alivua miwani. “Nani kakwambia wanasalimia?”

“Si maua, dada? Ua ni ua.”

“Wewe shangazi yako hakutumii?”

“Kila siku.”

“Na anataka nini?”

“Hataki kitu. Ananipenda tu.”

“Umewahi kumuuliza?”

Bwana Sabapathi alikohoa kuficha kicheko.

“Sikilizeni,” alisema Rukmani. “Mtu wa huku akishakuomba kitu mara moja, basi. Akirudia ni kama anakudai, na kumdai mtu ambaye hamjagombana ni utovu wa adabu. Sasa afanyeje, na kinu kimekufa? Anakutumia ua. Maana yake: mimi bado nipo hapa, nasubiri. Mimi nikiona ua kwenye simu ya ofisi huwa sitazami ua. Natazama aliyelituma alisema nini wiki iliyopita.”

Thenmozhi alihisi joto likimpanda shingoni, kwa sababu lebo ya Salamu haikubuniwa na Ilango wala na kompyuta. Aliibuni yeye mwenyewe katika mwezi wa pili, maua yalipokuwa yanaziba foleni kila asubuhi, na aliibuni kwa fahari. Juu yake akaweka kanuni iliyoonekana kuwa na akili: hali ya jalada iamuliwe na ujumbe wa mwisho wa mteja. Alifikiria muda utakaookolewa. Hakufikiria kwamba ua likiwekwa juu ya malalamiko huyafunika, na jalada zima huonekana la mtu mwenye raha.

“Ilango,” alisema, “nitolee wote waliotuma ua Jumamosi, ambao chini ya ua kuna tatizo lisilojibiwa na mtu yeyote.”

Vidole vya kijana vilikimbia. Rangi ya kijani ukutani ilipungua, ikabaki safu fupi.

“Arobaini na mmoja,” alisema kwa sauti ndogo.

Wa kwanza katika safu hiyo alikuwa Bibi Sornammal wa Pollachi. Alikuwa ametuma maua tisa, moja kila asubuhi kwa siku tisa. Chini ya hayo yote kulikuwa na ujumbe wake wa sauti, akieleza kwamba jiwe la kinu halizunguki. Thambi alikuwa ameusikiliza, akaubandika lebo sahihi ya Jiwe, akauweka katika foleni ya fundi. Kesho yake alfajiri likaja yungiyungi. Thambi akarudisha yungiyungi, akafunga jalada na kuliondoa katika foleni.

Bwana Sabapathi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa tano na dakika kumi. Aliandika kidogo kwenye karatasi yake, na uso ukambadilika.

“Arobaini na moja, na kumi na nane, hamsini na tisa. Katika mia sita hiyo ni kama kumi kwa mia. Mnajua mwenye kampuni alivyo. Nikimpelekea kumi, kesho tunafundishana Kitelugu cha Hyderabad.”

“Lakini bosi,” Ilango alisema huku akitazama meza, “lebo zenyewe si za uongo. Ua ni salamu kweli. Nilichoagizwa kukagua ni lebo. Tukimpelekea ile ya tatu, hatujadanganya.”

Thenmozhi aliwafikiria watu wake sita waliokuwa chini ukumbini wakati huo, kila mmoja na vifaa vya masikioni, na wawili kati yao waliohamia karibu na kiwanda kwa sababu ya kazi hii. Ilango alisema kweli, na ndiyo sababu maneno yake yalivutia. Lebo ilikuwa sahihi. Kufunga ndiko kulikokuwa kosa, na hakuna mtu nje ya chumba hicho ambaye angeligundua leo.

“Kwanza tumpigie,” alisema Thenmozhi. “Dada Rukmani, piga wewe. Weka spika.”

Simu ilipokelewa kabla mlio wa pili haujaisha.

“Halo! Kampuni ya vinu? Mwanangu, mmeshakunywa chai?”

“Tumekunywa, bibi. Na wewe je?”

“Nimekunywa. Mvua imenyesha huko?”

“Kidogo, bibi. Tunapiga kuhusu kinu.”

“Kinu chenu kizuri sana. Miaka kumi na minne! Mkwe wangu alinunua cha kampuni nyingine, kinanguruma kama basi la mlimani. Mimi namwambia kila siku.”

Ilango alimnong'oneza meneja, “Mnaona? Ameridhika.” Rukmani alimwinulia kidole anyamaze.

“Sasa kinasaga vizuri, bibi?”

“Aa, kusaga hakisagi.” Alisema hivyo kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa. “Jiwe limegoma. Lakini msijali, nina lile jiwe la mkono la marehemu mama mkwe. Mkono unauma kidogo tu. Keki za mchele za jana zilikuwa ngumu, babu yenu akasema tuzipeleke kwa anayejenga ukuta.”

Thenmozhi aliinama juu ya simu. “Bibi, mimi ndiye mkuu wa dawati. Samahani sana. Siku tisa ni nyingi. Mbona hukutupigia?”

“Nilikwisha kuwaambia, mwanangu. Niwasumbue tena kwa nini? Na yule kijana wenu ananijibu kila siku, alfajiri ile ile, hachelewi hata dakika. Mimi natuma ua, naye anatuma ua. Ana adabu, lakini mvivu wa kuongea. Ameoa?”

Bwana Sabapathi aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika.

“Bado, bibi,” alisema Rukmani bila kucheka.

“Basi mwambieni ale vizuri. Kukaa macho saa hizo si kuzuri.”

Fundi wa Pollachi aliagizwa hapo hapo kwenda mchana huo. Simu ilipokatwa, Ilango alikuwa ameketi, mikono kichwani.

“Amesema mambo sita kabla ya kusema kinu kimeharibika,” alisema. “Nimeyahesabu.”

“Huyo ni mwepesi,” alijibu Rukmani. “Ungempata wa Karur.”

Thenmozhi alivuta karatasi na kalamu. Aliandika kwa utaratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, kama alivyozoea kufanya mambo yote yaliyomtisha. Ua likija na chini yake hakuna tatizo, Thambi alirudishe na kufunga. Ua likija na chini yake kuna tatizo, asifunge wala asijibu. Aliweke jalada juu kabisa ya foleni, na mtu apige simu. Hapo Thambi atafunga mia tano na hamsini na tisa badala ya mia sita, na makosa yatabaki yale kumi na nane. Bado ni zaidi ya nusu. Bado ni chini ya tano kwa mia. Simu za ziada ni arobaini na moja, kama saba kwa kila mtu.

“Nusu tunaivuka,” alisema, akimsogezea meneja karatasi, “lakini kwa kanuni ya leo, si ile ya Jumamosi. Mwambie mwenye kampuni yote mawili, bosi. Kwamba kanuni niliyoiweka mimi ilikosea watu arobaini na mmoja kwa siku moja, na kwamba hii ndiyo tuliyoiweka mahali pake. Atupe wiki moja aipime.”

“Atauliza kwa nini mtu hasemi tu kwamba kinu chake kimeharibika.”

“Utamwambiaje?”

Bwana Sabapathi alikuna kidevu. Kisha, polepole, akatoa simu yake mfukoni, akaifungua na kuwaonyesha. Ilikuwa safu ndefu ya mawaridi.

“Mama mzazi wa mwenye kampuni,” alisema. “Kila asubuhi ananitumia mimi, siyo yeye.”

“Na huwa anataka nini?” aliuliza Ilango, aliyekuwa mwanafunzi mwepesi.

“Huwa anataka nimkumbushe mwanawe ampigie.”

Alitoka barazani na simu sikioni. Kupitia kioo walimwona akitembea huku na huku, akieleza kwa mkono mmoja, akisimama, akisikiliza muda mrefu. Rukmani alimalizia kahawa yake iliyokwisha kupoa. Ilango alikuwa ameanza tayari kuandika kanuni mpya, na Thenmozhi hakumzuia. Mara meneja akacheka huko nje, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingo, na Thenmozhi akagundua kwamba alikuwa ameikunja pembe ya karatasi yake mpaka ikachanika.

Bwana Sabapathi alichungulia mlangoni.

“Wiki mbili, siyo moja. Amekubali. Nenda ukawaambie watu wako wewe mwenyewe, dawati ni lako.”

Thenmozhi alishuka ngazi, Ilango na Rukmani wakimfuata. Ukumbini aliwaashiria wote sita wavue vifaa vya masikioni, akasubiri mpaka wa mwisho alipomaliza kuagana na mteja, kisha akazungumza kwa sauti ya wazi.

“Tumeamua hivi. Dawati linabaki hapa Peelamedu. Kuanzia leo Thambi atafunga mwenyewe yaliyo yake, lakini mteja mwenye tatizo akituma ua, hatafungiwa wala hatarudishiwa ua; atapigiwa simu na mmoja wetu kabla ya saa sita, na Dada Rukmani atatufundisha namna ya kumsikiliza mpaka afike kwenye jambo lake. Majina ni arobaini na moja, la Bibi Sornammal limekwisha shughulikiwa. Haya arobaini yaliyobaki tugawane sasa hivi.”