Kwa Hiari Yangu

“Hapa pamesemwa hivi,” mzee fundi saa alisema, kidole kikiwa juu ya mstari. “Mimi, kwa kutaka mwenyewe, namkwezea ndugu yangu figo.”

“Kumkwezea?” karani aliuliza.

“Ndiyo, binti yangu. Kwetu ukimpa mtu aliye juu yako, unamkwezea. Aliye chini yako, unamteremshia. Huwezi kusema unampa tu, ukanyamaza. Watu watakuuliza, sasa mkubwa ni nani?”

“Na wakiwa sawa?”

Mzee alicheka mpaka miwani ikamteleza. “Hakuna watu sawa. Hata mapacha, mmoja alitangulia mlangoni.”

Karani akaandika: namkwezea ndugu yangu figo. Hakucheka. Siku nyingine hiyo ya mapacha angeibeba akaenda nayo kwenye chai, akawachekesha wenzake. Lakini kwa wiki tatu sasa maneno ya watu yalikuwa yakimfikia kwa mbali, kama vile anayasikiliza akiwa amejifunika blanketi gubigubi.

Kazi yake ilikuwa kurudisha. Ofisi ile ya wafasiri, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, ilipokea fomu za hospitali kuu na kuzigeuza katika lugha za watu wote waliotibiwa pale. Mfasiri mmoja huipeleka fomu katika lugha ya mgonjwa. Kisha huitwa mtu mwingine wa lugha hiyohiyo, ambaye hajawahi kuiona fomu ya kwanza, akaketi mbele ya karani na kumweleza fomu inasema nini hasa. Karani anaandika neno kwa neno, hata likiwa la ajabu. Likiwa la ajabu ndiyo hasa aliandike. Halafu mkuu wa meza analinganisha kilichotoka na kilichorudi. Mara nyingi alitoka mbuzi akarudi ng’ombe. Wenzake walimwita Rudisha, na jina likamganda hata muuza matairi akadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Fomu ya figo alianza nayo tangu mwaka jana, kabla kaka yake hajaugua. Sentensi ya saba ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza kichwa: *Natoa figo langu moja kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu.* Ukiitazama ni sentensi ya mtoto wa darasa la pili. Kutoa, kumpa mtu kitu, nani asiyelijua? Lakini kila lugha iliyopita mezani pake iliishika sentensi ile kwa mkono wake. Mama mmoja mshona mapazia hakukubali kusoma mpaka aambiwe figo lina umbo gani, kwa sababu kwao kumpa mtu kitu cha mviringo ni neno moja, kitu kirefu ni neno lingine, na kitu kilicho ndani ya chombo ni neno la tatu. Walibishana asubuhi nzima kama figo linakwenda mkononi au kwenye bakuli. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi naye alisema kwao pale katikati hapasemwi neno lolote. Unataja watu wawili na kitu, basi. Mimi, yeye, figo.

“Na kama anayetoa hataki?” karani alimuuliza.

“Asingetaka, asingetajwa,” mwanafunzi alijibu, akaomba maji ya kunywa.

Haya yote yalimfurahisha wakati ule. Ndipo Bosi akaanza kuvimba miguu.

Bosi ni kaka yake, amemzidi miaka miwili, na jina hilo alipewa na baba yao tangu anatambaa, kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono na kitu kikaja. Hakuwa mtu mbaya, huo ndio ukweli, na huo ukweli ulimchosha karani kuliko ubaya. Bosi alikuwa akipokea kama mtu anayepokea chumvi mezani. Aliyekuwa akisema ni mama. “Mpe kaka yako.” Kitanda cha dirishani, mpe kaka yako. Paja la kuku, mpe kaka yako, wewe mtoto wa kike utachukua shingo. Baba alipofariki na ikabidi mmoja tu abaki shuleni, mama alimwita jikoni, akamshika mabega, akalia kwanza. Kisha akasema, “Mpe kaka yako nafasi.” Akampa. Akaenda kupiga pasi nguo za watu miaka sita kabla ya kujifunza kuchapa na kupata kiti juu ya matairi. Bosi akasoma, akawa mkuu wa ghala, akaoa, akazaa. Kuna siku alimuuliza mdogo wake, kwa wema kabisa, “Hivi wewe kwa nini uliacha shule?”

 

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mama.

“Umekula?”

“Nimekula, mama.”

“Umekula nini?”

“Mayai.” Alikuwa amekunywa chai ya rangi.

“Kula na mboga za majani. Daktari asije akasema huna damu, tukaanza upya. Kaka yako hakulala. Saa nane kamili, usichelewe, mwanangu.”

“Sichelewi.”

“Kutoa ni moyo, mama yangu. Si utajiri.”

“Ndiyo, mama.”

Kutoa ni moyo. Safari hii moyo ulikuwa umeachwa salama, kilichotakiwa kilikuwa chini yake kidogo, upande wa nyuma. Alipoweka simu alijaribu kuona kama amekasirika. Hakukuta kitu. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, akatoa mkono mtupu.

Mzee fundi saa alikuwa akikunja karatasi zake. Habari ya Bosi aliijua, ofisi nzima iliijua. “Leo ndiyo kwa daktari?”

“Ndiyo, mzee. Vipimo vimekwisha, damu zinalingana. Leo naulizwa tu, halafu natia sahihi.”

“Ungekuwa wa kwetu ungesema vipi? Unamkwezea, au unamteremshia?”

“Mimi naandika tu ulivyosema,” karani alisema, akachukua mkoba.

*

Daktari wa watoaji wa figo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti isiyo na haraka. Chumba kilikuwa kidogo: sinki, viti viwili, figo la plastiki linalofunguka kama kasha. Aliwaomba mama na Bosi wabaki nje kwenye korido, na mama alipotaka kuingia kidogo tu “kumshika mkono,” alimwambia, “Hapana, mama, huyu namtaka peke yake,” akafunga mlango.

“Mimi si daktari wa kaka yako,” alianza. “Kaka yako ana daktari wake, naye anamtakia figo. Mimi ni wako wewe. Tumeelewana?”

“Ndiyo.”

“Unataka kutoa?”

“Ni kaka yangu.”

“Hilo nimelisoma kwenye faili. Sikukuuliza ni nani wako.”

Karani alitazama sinki. Bomba halikuwa limefungwa vizuri. Alitaka kuinuka alifunge.

“Nikwambie utaratibu wetu,” daktari alisema. “Ukisema ndiyo, utatia sahihi hapa na mwezi ujao tutawapasua wote wawili. Ukisema hapana, nitafungua mlango huu niseme vipimo havikuruhusu, basi. Sitasema kipimo gani. Mtu asiyetaka kutoa hafai kutoa, na kwangu hicho nacho ni kipimo. Mama hatajua, kaka hatajua, wala huyo daktari wake hatajua.”

“Na yeye?”

“Ataendelea na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki kama sasa. Jina lake litabaki kwenye orodha. Orodha ni ndefu, na mashine inamchosha mtu. Sikufichi. Wengine wanafika, wengine hawafiki.”

Akamsogezea fomu na kalamu. Karani aliitambua kama unavyotambua sahani za nyumbani kwenu. Sentensi ya saba ilikuwa pale pale ilipokaa siku zote, katika lugha yake mwenyewe, lugha pekee ambayo hakuna aliyewahi kuitwa kuirudisha. Nani angeirudisha? Ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Mkono ulikuwa umezoea, ukashika kalamu. Na kwa mazoea yaleyale akafanya kama alivyokuwa akiwafanyisha watu wote mezani pake: alifunika sentensi kwa kiganja, akajiuliza, haya, bila kuangalia, inasema nini hasa? Akasema kwa sauti, maana kazi hiyo haifanywi kimoyomoyo:

“Mama amesema nimpe.”



Karani aliondoa kiganja, akasoma, akaifunika sentensi tena. Huwa wanapewa nafasi mbili, wakati mwingine mtu amechoka. “Mama amesema nimpe,” alisema tena, na sauti ilikuwa ileile, kavu, ya mtu anayesoma namba ya simu. Alingoja machozi kwa adabu, kama anayengoja mgeni aliyeahidi kuja. Hayakuja.

“Kwa hiyo jibu lako?” daktari aliuliza taratibu.

“Hapana.”

Lilikuwa neno dogo, halikugonga popote. Daktari alichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akaifunika kifuniko, akaandika kitu kwenye faili kwa kalamu nyingine.

“Ukibadili mawazo, mlango wangu ni huuhuu. Leo, kesho, mwezi ujao. Unataka kukaa kidogo kabla hatujatoka?”

“Twende tu.”

*

Korido ilikuwa imejaa watu, wengine wamesimama na vyeti vyao mkononi. Bosi alikuwa amepata kiti kimoja cha plastiki karibu na dirisha, na mama alikuwa amesimama kando yake akimpepea kwa bahasha ya picha. Ule mwili wake wa ghala, uliokuwa ukijaza mlango, ulikuwa umeisha. Shati lilimning’inia, na kwenye mkono wa kushoto, pale mashine inapoingilia, palikuwa na bandeji mpya.

Wote wawili walimtazama daktari, hawakumtazama yeye. Hilo hakulilaumu.

“Samahanini,” daktari alisema. “Vipimo vya mwisho havikuruhusu. Hataweza kutoa.”

Bahasha ikasimama hewani. “Havikuruhusu vipi?” mama aliuliza. “Si mlisema damu zinalingana? Si mlisema?”

“Damu zinalingana, mama. Kuna mengine. Ni siri ya mtu na daktari wake.”

Karani alijiweka tayari. Alikuwa amejiandaa kwa kelele tangu kule ndani: mama kujitupa chini, mama kusema ningejua nisingekuzaa, Bosi kunyamaza na kugeukia dirisha. Kwa hayo yote alikuwa na pa kuyaweka. Mama alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akaja akamshika shavu, kiganja kikiwa cha baridi.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Usijilaumu. Umesikia? Ungekuwa na uwezo ungempa, mimi nakujua. Una ugonjwa gani lakini? Wamekuambia?”

“Hapana, mama.”

“Mungu wangu, wawili.” Na akaanza kulia, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu karani akumbuke, alikuwa akimlilia yeye.

Bosi alishika mikono ya kiti. Alijisukuma mara ya kwanza akashindwa, akapumzika, akajisukuma tena mpaka akasimama. Ilimchukua muda, na watu wa karibu wakasogea kumpisha wakidhani anaondoka. Hakuondoka. Aliinama, akashika mguu wa kiti kwa mkono ule mzima, akakivuta kikikwaruza sakafu hadi miguuni mwa mdogo wake.

“Kaa,” alisema.

“Kaa wewe, kaka. Wewe ndiye mgonjwa.”

“Nimesema kaa. Miezi mitatu wanakutoboa kwa ajili yangu, na mimi hata asante sijakwambia.” Alikuwa akihema katikati ya maneno. “Nilikuwa nangoja mpaka siku yenyewe, nikuambie mara moja, vizuri. Sasa asante. Na usiogope. Hicho walichokukuta nacho tutakitibu. Mimi nipo.”

Angeweza kusema pale pale. Maneno alikuwa nayo, machache, ya darasa la pili. Alimtazama kaka yake usoni, akaona kope zilivyovimba na midomo ilivyopauka, akaona kwamba anatabasamu. Mtu aliyekuwa nyuma yao alikitupia kiti jicho, akasogea hatua moja.

“Kaa basi, kitachukuliwa,” Bosi alisema, akamgusa bega.

Akakaa. Plastiki ilikuwa bado na joto lake. Bosi aliegemea ukuta, akafumba macho, mkono akauacha juu ya mgongo wa kiti. Mama alianza tena kupepea bahasha ile, mara huku, mara kule, kwa wote wawili. Kule mwisho wa korido daktari alikuwa amesimama na faili kifuani, na mlango wake hakuwa ameufunga.