Sifuri Tatu za Mwalimu Ignace

Bwana yangu Ignace alinifundisha kulilia kifo chake siku tatu mfululizo, na siku zote tatu alinipa sifuri. Alikuwa mwalimu hapa Bukavu, na kila mwaka aliwachezesha wanafunzi mchezo wa kuigiza. Mwaka ule wa 1998, vita vya pili vya Kongo vimeshaanza, kichwa ngumu yule akaweka jukwaani komanda mwenye tumbo kubwa anayeiba mbuzi za watu. Komanda wa kweli akajitambua, akatuma maaskari wamtafute.

Basi tukatangaza kwamba Ignace amefia njiani kwenda Mudaka na amezikwa huko huko. Yeye akapanda juu ya dari ya sebule kukaa kimya. Kimya gani! Kila nilipojaribu kulia, sauti ilishuka: nimeanza mapema, mikono imelegea, mjane halii hivyo. Nikamwambia ashuke basi, alie mwenyewe.

Rafiki yake Philémon ndiye angesema maneno ya kumuaga, kwa kichwa, bila karatasi. Yaliandikwa na nani? Na marehemu mwenyewe, bila aibu, kurasa mbili za sifa tupu. Kwenye mazoezi Philémon alikwama kila mara palepale, na kila mara Ignace alimnong'oneza kutoka juu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote, kusimama nyuma ya pazia na kuwakumbusha wanafunzi maneno waliyosahau.

Siku ya kilio nyumba ilijaa. Komanda akaja mwenyewe, akakalia kiti cha bwana yangu, akala maharagwe yetu. Nililia vizuri, nasema kweli. Kisha Philémon akasimama.

"Ignace alipenda shule, alipenda kanisa, alikuwa mwalimu..."

Akakwama. Akatazama juu, kama walivyozoea. Nikaomba moyoni: Ignace, nyamaza, mara hii moja tu.

"Asiye na mfano," dari ikasema.

Komanda akaweka sahani chini polepole.

Maaskari wake walipomteremsha Ignace nilipiga kelele ambayo hakuna mtu aliyenifundisha. Akageuka mlangoni, vumbi kichwani, machozi yamemjaa.

"Leo umelia muzuri, Adélaïde," akasema. "Kumi juu ya kumi."

Hakurudi. Hiyo kumi yake aichukue. Mimi nataka sifuri zangu tatu, na yule mjinga juu ya dari.