Alama Tatu Juu

Inspekta Lazarus alikuwa amelala kifudifudi kwenye kilima kando ya barabara ya Modogashe, bunduki begani. Ubavuni mwake Koplo Musyoka alimwomba Mungu bosi wake ashikwe na kizunguzungu, homa, chochote kile. Yadi mia sita mbele, katikati ya njia ya magari, mtu alikuwa ameinama hadi chini.

"Anafukia bomu," inspekta alisema. "Wiki jana shifta, waasi wale, walilirusha lori letu hapohapo."

"Afande, ni Hared, yule mzee wa maziwa pale kambini. Si ngamia wake yule mwenye kengele? Anaswali tu."

"Aswali katikati ya barabara? Musyoka, unanifanya mtoto?"

Angesema nini tena? Mazigazi yalikuwa yakicheza juu ya mchanga, na Lazarus akishashika lake, hata umlilie machozi ya damu, hasikii. Hared jamani! Jana tu alikuwa amemjazia kikombe huku akicheka, kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Kunywa, Koblo, usiogobe. Ngamia yangu hana shifta."

"Nipe kipimo," inspekta alisema.

Kambi nzima ilimwita Musyoka Profesa, na si kwa heshima. Bunduki zao zilikuwa zimewekwa shabaha Nanyuki, kule juu kwenye hewa nyepesi. Huku chini hewa ni nzito, huishika risasi ikaanguka mapema, na askari walikuwa wakikosa shabaha huku wakilaani mashetani. Musyoka alipiga makopo alfajiri, akayapiga mchana, mpaka akaipata namba ya risasi ile, yaani jinsi inavyoipenya hewa, kisha akaijua tabia yake katika kila joto. Asubuhi unapandisha kipimo cha kulengea alama mbili. Jua likiwaka hewa hulegea, alama moja yatosha. Inspekta hakupiga bila kumuuliza, wala Musyoka hakuwahi kumdanganya.

Alama moja ingemwingia Hared mgongoni. Mbili zingempitia karibu mno. Tatu, risasi ingepita juu yake kiasi cha mkono mzima, mzee ashtuke, akimbilie vichakani, akaishi. Musyoka alirudia hesabu jasho likimwingia machoni. Umbali, joto, upepo. Ikaja ileile.

"Tatu," alisema.

"Tatu? Saa hizi za jua?"

Musyoka alijifanya anaunusa upepo. "Hewa imebadilika, afande. Kuna unyevu umetoka mtoni."

Uongo mtupu! Mto Tana ulikuwa mbali, na hewa ilikuwa kavu hadi midomo inapasuka. Lazarus alimkazia macho, kisha akapandisha kipimo alama tatu, akashusha pumzi, akafyatua.

Risasi ilikuwa ingali njiani Hared alipoinuka.

Aliinuka wima, bila haraka, mikono kifuani. Kisha akaanguka chali.

Musyoka alilelewa kanisani huko Machakos. Kwao mtu akipiga magoti kuomba, amepiga magoti hadi amina. Mwaka mzima huku Garissa adhana ilimpita masikioni kila siku, na hata mara moja hakusimama akawatazama watu wakiswali hadi mwisho. Huko kuinama na kuinuka tena hakukujua. Hewa aliijua yote, mpumbavu yule, na jirani yake hakumjua.

Walishuka. Hapakuwa na bomu. Palikuwa na shuka iliyotandikwa, viatu viwili vimepangwa kando, na kibuyu cha maziwa kilichofungwa vizuri. Musyoka alipiga magoti, akayafumba macho ya Hared, na kilio kikamtoka asiweze kukizuia.

Inspekta hakukitazama kilio hicho. Alikuwa akikitazama kipimo cha bunduki, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemstahi mwenzake kwa mara ya kwanza.

"Profesa," alisema, "mimi nilimlenga ameinama. Wewe ulijuaje kwamba atasimama?"