Miguu ya Nduku Yakataa Kliniki

Alhamisi ni siku ya wajawazito katika dispensari ya Kanyangi, na Nduku alifika mapema, nusu. Tumbo la miezi minane alikuja nalo. Kuanzia nyonga kwenda chini alijiacha nyumbani, jikoni. Akina mama wakasogea kwenye benchi, akapata nafasi. Mpima uzito akaandika kilo thelathini na nne, akaita anayefuata.

Muuguzi Muthoki alikuwa ameshaona watu ishirini na mmoja, na mgongo ulimuuma.

"Miguu imebaki?"

"Imekataa, Sista."

Muthoki hakumlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Uzazi wa kwanza, katika dispensari hiyo hiyo, mkunga aligundua Nduku alikuwa amekeketwa, akaita wanafunzi wanne waje waone. Nduku akararuka, akavuja damu nusura afe, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Mara hii akizalia nyumbani atakufa. Wote wawili walilijua hilo.

Muthoki akavuta kiti karibu. "Wewe hiyo kitu ulifanyiwa unaiitaje?"

"Naiitanga ile siku."

"Basi hata mimi nitaiita hivyo. Nitakuangalia peke yangu, ukikubali. Ukisema basi, ni basi."

Nduku akafikiria. "Nitaiambia miguu."

Alhamisi iliyofuata miguu ilikuja nyuma yake, hatua kumi hivi, imevaa sketi ya kanisani. Muthoki akaufunga mlango. Kitasa kilikuwa kimeharibika tangu mwaka jana, na barua tatu zilishaandikwa. Aliikaribisha miguu, akangoja hadi ikapanda kitandani yenyewe. Aliomba ruhusa kila alipotaka kugusa. Alieleza kovu liko wapi, na siku ya kuzaa watafanya nini lisiraruke tena. Nduku akalia kidogo, kwa nafuu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumweleza mwili wake.

Ndipo daktari Kaloki akafungua bila kubisha, wanafunzi watatu nyuma yake.

"Sista, hawa hawajawahi kuona. Dakika moja tu."

Miguu ikashuka, ikavaa viatu, ikatoka. Kaloki alisogea kando kuipisha, kisha akauliza kama kuna mwingine wa aina hiyo.

Nduku alibaki kitandani, ameshika tumbo. "Sasa hairudi, Sista. Naijua."

Muthoki alikuwa amechoka hoi. Alifungua fomu, akatafuta mahali pa kuandika kilichotokea. Palikuwa na kisanduku kimoja tu: mgonjwa amekataa huduma. Ripoti ilitakiwa kabla ya saa nane. Akatia alama.