Kijiko cha Byeong-ik

Mama mkwe wangu alikuwa na kijiko cha shaba ambacho nilikichukia kuliko inzi.

Kila alipopika, kabla nafaka haijaingia chunguni, alichota kijiko kimoja kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani, akakimimina kwenye mfuko mweupe wa kanisa. Wanawake wote wa kanisa letu walifanya hivyo, na ndivyo mchungaji na maskini wetu walivyopata kula. Hapo sikuwa na neno. Neno langu lilikuwa kijiko cha tatu. Nyumbani tulibaki wawili tu, mimi na yeye, na bado alichota vitatu.

"Hiki cha Byeong-ik," alisema.

Byeong-ik ni mume wangu. Askari wa kaskazini mwa nchi yetu walipoingia kijijini kiangazi kile cha vita na kuanza kuwakusanya wanaume wawapeleke vitani, alipenya uani akatoroka kabla hakujapambazuka, na tangu hapo hatukusikia lolote. Kanisa waligeuza ghala la risasi. Mchungaji walimchukua, na sala wakaikataza. Tuliobaki tulisali kila mtu kwake, kwa kunong'ona, blanketi kichwani.

"Mama, mtu asiyekuwepo hali chakula," nilimwambia asubuhi moja, shayiri imebaki kiganja na mchele ndio wa kuhesabu punje. "Sisi tunalamba chungu, wewe unalisha hewa!"

"Mwanangu si hewa."

"Basi yuko wapi?"

"Alipo anapajua Mungu. Mimi ninachojua ni kwamba lazima ale." Akakaza kamba ya mfuko, mazungumzo yakaisha.

Nilitoka nikalia nyuma ya mitungi ya mchuzi wa soya. Nisidanganye, haikuwa njaa. Niliogopa kwamba Byeong-ik amekufa, na kile kijiko kilinichokonoa hofu yangu kila chungu kilipobandikwa.

Mifuko ilikusanywa na Shemasi Tak, mke wa mfinyanzi, ambaye alipita nyumba kwa nyumba eti anaazima chumvi. Siku ile hakupita. Mama mkwe akanituma nimpelekee, nikamkuta amelala, kifundo cha mguu kimevimba kama kibuyu.

"Afadhali umekuja," akasema. "Leo utakwenda wewe."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya daraja, kwenye tanuru letu la zamani. Kuna watu wamejificha. Wali wa mifuko yenu nimeshaufinyanga matonge, umo kikapuni chini ya majani ya figili. Weka kikapu mdomoni mwa tanuru, gonga kigae, mkono utatoka, basi."

"Watu gani?"

"Usiyemjua hutamtaja."

"Shemasi, mimi ni mwoga!"

"Nani siye? Unadhani mguu huu niliuvunja kishujaa? Nilikuwa namkimbia bata bukini." Akanivuta, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa sauti ndogo sana. Hakumwomba Mungu aniondolee hofu. Alimwomba aende na mimi, hofu yangu na yote.

Basi nikajitwika kikapu, nikaenda. Njia nzima nilikuwa nikimlalamikia Mungu: Bwana, ulikuwa umekosa mtu mwingine?

Darajani palikuwa na askari mmoja, ndevu za siku kadhaa, anachoma viazi vitamu. Mwenzake alikuwa chini mtoni, anafua.

"Ndugu, unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Mgonjwa. Nampelekea majani ya figili."

Tumbo langu likanguruma, tena kwa kelele. Aibu iliyoje! Askari akacheka, akachokoa kiazi majivuni, akanitupia. "Kula kwanza, usije ukaanguka ukaniziba njia."

Nikatua kikapu. Nikakaa. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka nasisimka. Kiazi mkononi, nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikashukuru. Sikufikiria, tangu utotoni sijawahi kutia kitu mdomoni bila kushukuru. Nilipofika kwenye amina ndipo nilipokumbuka niko mbele ya nani.

Nikafumbua macho. Askari alikuwa ananitazama, kicheko kimekauka. Akatazama kikapu. Akanitazama tena.

"Nani huyo?" mwenzake akapaza sauti kutoka mtoni.

Nilijua nimekwisha. Si mimi tu, na wale wa tanuruni pia. Nikasema moyoni, Bwana, uliombwa uje na mimi, haya, ndipo hapa.

"Mwanamke tu," askari akajibu. "Anapuliza kiazi."

Kisha akajiinamia motoni, akasema taratibu, "Mama yangu kule kwetu Seoncheon hupuliza hivyo hivyo. Alikuwa akipuliza mpaka chakula kinapoa, sisi watoto tunakasirika." Akageuza kiazi kimoja. "Nenda. Na mbele huko, dada, kula cha moto."

Nilivuka. Nilisikia wepesi ambao sijausikia tena maishani, nikatafuna kile kiazi huku machozi yananitoka.

Tanuru lilikuwa limemezwa na vichaka. Nikaweka kikapu, nikafunua majani, nikagonga kigae kama nilivyoagizwa. Mkono ukatoka gizani, mchafu, umekonda, kidole cha shahada hakina ncha.

Mundu ndio uliokata ncha ile, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilikifunga kile kidole mimi mwenyewe.

Mkono ukakamata tonge, ukaanza kurudi nalo haraka haraka. Sijui nilipatwa na nini. Badala ya kuubusu, nikaupiga kofi.

"Omba kwanza!"

Sauti ikatoka ndani, inacheka na kulia kwa pamoja: "Ndugu zangu, msiogope. Ni mke wangu. Dunia nzima hakuna mwingine mwenye kofi hili."

Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu yote miwili, na tukashukuru, yeye kule ndani, mimi huku nje.

Jioni nilimweleza mama mkwe yote, tangu kiazi mpaka kidole. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta macho kwa pindo la nguo, kisha akakichukua kile kijiko cha shaba akakigeuzageuza kwa masikitiko.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi miezi yote hii nampimia vijiko vya kukwangua juu, visivyo na kilele."

Nikamnyang'anya kijiko, nikachota cha Byeong-ik, nikakijaza mpaka kikamwagika.