Kukata Mshazari

Mume wangu alifanya kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo miaka thelathini na miwili. Sokoni walimwita Bwana Gramu, na wauza nyama walipomwona kwa mbali walianza kufuta mizani hata kama haina doa. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akaizunguka nyumba nzima kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kesho yake akaingia chumba changu cha kushonea.

Chumba kwa jina tu. Zamani kilikuwa stoo. Ndani mna cherehani, meza ya kukatia, kabati la vitambaa, na dirisha moja la nondo linalotazama ukuta wa jirani. Humo nilishona mifarishi, yale mablanketi ya viraka, tangu mtoto wetu wa mwisho alipoanza shule. Ndimo nilimokuwa napumulia.

Alikuja na kiti. Mahali pekee kiti kilipoenea ni mlangoni, akakaa hapo, mgongo ukauziba mlango.

"Hiki ni sentimita ngapi?" akauliza, ameokota kipande kimoja cha mraba.

"Saba. Nusu huku, nusu huku za mshono, inabaki sita."

Akatoa rula ya chuma mfukoni. "Saba kasoro milimita mbili."

"Baba watoto, milimita mbili inamezwa na mshono."

"Safu ina vipande kumi na viwili. Hiyo ni karibu sentimita mbili na nusu. Mshono una tumbo kubwa hivyo?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu, maana alidhani nimemkaribisha.

Tangu siku hiyo, saa mbili kamili asubuhi, alikuwa kitini. Kila nilichokata alikipima. Kilichozidi au kupungua alikitia kwenye bakuli. Nikishaunga vipande, alipima tena, kisha kwa upole kabisa, "Hapa fumua, mama." Nikitaka kwenda msalani nilimwomba njia: ainuke, akunje kiti, atoke koridoni, nipite, arudi. Nikaanza kunywa chai nusu kikombe.

Nilimpigia simu binti yetu. "Mama, mshukuru Mungu!" akasema. "Wenzio waume zao wakistaafu wanahamia baa." Dada yangu naye akasema nimwazime angalau wiki moja. Na kweli, mtu angemlalamikia nini? Hakuwahi kunifokea. Alifagia vipande vilivyoanguka, akapaka cherehani mafuta, akaniletea chai ambayo niliogopa kuimaliza. Usiku nililala nikisikia bado ananihesabia milimita.

Ndipo akaja mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu. Alibeba magauni saba ndani ya shuka. Yalikuwa ya marehemu mama yake.

"Nataka mfarishi wa kitanda kizima," akasema. "Iwe kama najifunika naye."

Alipoondoka, mume wangu akalaza gauni la kwanza mezani. "Safari hii niachie mimi kukata. Wewe shona tu."

Alichonga pembetatu ya kadibodi, akaipima mara tatu. Kisha akaizungusha juu ya magauni, akikwepa palipochakaa, akiilaza na kuigeuza huku na huku ili asipoteze hata kipande. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, pasi mkononi. Nikaona.

Kitambaa kina uzi unaokwenda na uzi unaokatiza. Ukikata kwa kuufuata uzi, ukingo unatulia. Ukikata mshazari, ukingo unavutika kama mpira; ukiupitisha cherehani unarefuka, ukiupiga pasi unarefuka zaidi. Rula haikuambii hilo, mkono ndio unaokuambia. Yeye alikuwa akikata ovyo ovyo kwa usahihi mkubwa.

Neno moja lingetosha. Lilifika ulimini likakaa. Nikajisemea: acha. Akosee mara moja tu, atatoka. Nikageuka, nikaendelea kupiga pasi. Alikata siku tatu, na siku zote tatu nilinyamaza.

Tulipoanza kuunga, pembe hazikukutana. Mapande mengine yalifura katikati, mengine yalijikunja pembeni. Alipima kadibodi: sawa. Alipima pembetatu ambazo hazijashonwa: sawa. Akapima zilizoshonwa, akaniangalia.

"Haiwezekani," akasema. "Rula haidanganyi."

"Haidanganyi," nikamjibu.

Alikunja kiti mwenyewe, akatoka. Siku zilizofuata alikaa jikoni, mikono juu ya magoti. Mlango wangu ulikuwa wazi kutwa, nami sikupata raha hata chembe. Nilivitia wanga vile vipande ili vikaze, nikavikata upya kimoja kimoja nikifuata uzi, kila kimoja kikawa kidogo kuliko kilivyokuwa. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Hakukuwa na gauni la nane.

Mkunga alipokuja, akaukunjua mfarishi sebuleni. Akaupitisha mkono juu ya ua moja la bluu, akalitambua. Kisha akauweka mfarishi mapajani.

"Nilidhani utafika miguuni," akasema.

"Kitambaa hakikutosha," nikamwambia haraka.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kilitosha," akasema. "Nilikikata vibaya mimi. Nisamehe, mwanangu."

Mkunga aliukunja mfarishi wake taratibu, akauminya kifuani, akaaga.

Mlango ulipofungwa nilikaa chini. "Niliona," nikamwambia.

"Uliona nini?"

"Ulivyokuwa unakata. Tangu kipande cha kwanza. Nilijua vitavutika."

Nilingoja anifokee, na ningeshukuru.

"Siku tatu," akasema. "Kwa nini?"

"Nilitaka utoke chumbani kwangu."

"Si ungeniambia nitoke?"

"Ningekuambiaje? Kila siku unaniletea chai."

Akaketi kwenye kochi. Alionekana mzee, mzee kuliko nilivyozoea kumwona. "Mimi nilidhani nakusaidia," akasema. "Sina pa kwenda, mama watoto. Pale ofisini wameshaweka mtu mwingine."

Ningeweza kusema basi rudi, tuyasahau. Maneno hayo yalikuwa tayari kabisa. Badala yake nikasikia sauti yangu, nyembamba, inasema, "Jumatano na Ijumaa niachie. Siku nyingine njoo, nikufundishe kuusoma uzi."

"Jumatano na Ijumaa," akarudia, kama anayeandika.

Jumatano ya kwanza alivaa suruali yake ya kazini, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Nilikaa peke yangu nikimwazia badala ya kushona. Baadaye mkono ukachangamka, nikamaliza safu moja. Alirudi alasiri, viatu vimejaa vumbi. Nikapakua chakula, tukala. Sikumuuliza alikokuwa, naye hakuniuliza nimeshona vingapi.